Medina, jina la Kiarabu kwenye vitambulisho vya Wahispania: linataja mji, halitaji damu

Mwezi wa tisa mwaka wa 2019, watu kwa maelfu huko Meksiko, Kolombia na Venezuela walikuwa wakikimbizana na tarehe. Walipekua vitabu vya ubatizo katika parokia za zamani, waliwauliza wazee, waliwalipa wanasheria. Sheria iliyopitishwa Uhispania mwaka wa 2015 ilikuwa inafikia mwisho wake. Sheria hiyo ilisema kwamba kila anayeweza kuonyesha kuwa mababu zake walikuwa miongoni mwa Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka wa 1492 anaweza kuomba uraia wa nchi hiyo, bila kupoteza uraia alio nao. Mlango ulipofungwa, watu zaidi ya 130,000 walikuwa wameomba.

Wengi wao walianzia mahali pamoja: jina la ukoo. Kwenye intaneti yalikuwa yakizunguka majedwali marefu ya majina, yakidai kwamba mwenye jina hili au lile ana damu ya Kiyahudi na pasipoti inamngoja. Majedwali hayo hayakutoka serikalini. Medina ni moja ya majina yaliyoandikwa humo. Ajabu ni kwamba jina hilo hilo, mbele ya watu wengine, huchukuliwa kuwa alama ya damu ya Kiarabu, ya wale Waislamu walioitawala Uhispania kwa karne nyingi. Na wako Wamedina wengine, wengi, ambao familia zao zinaapa kwamba ni Wakristo tangu enzi na enzi.

Jina moja, damu tatu. Nani anasema kweli?

Neno lenyewe halina siri. Medina ni madina, yaani mji. Waislamu wa Bukavu, Kindu au Kasongo wanalijua tangu utoto, kwa sababu mji wa Mtume Muhammad, uliokuwa ukiitwa Yathrib, ulikuja kuitwa Mji wa Mtume, kisha watu wakafupisha wakabakiza Madina peke yake. Lakini kabla ya kuwa jina la mji huo mmoja, madina lilikuwa neno la kawaida la kila siku. Wataalamu wa lugha wanalifuata nyuma mpaka kwenye Kiaramu, ambamo ndugu yake alikuwa na maana ya eneo lililo chini ya mamlaka ya hakimu mmoja. Kiebrania nacho kina neno medina, na leo maana yake humo ni nchi, dola. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili halikuwa mali ya dini moja.

Lilifika Uhispania na jeshi lililovuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini mwaka wa 711. Aliyeliongoza, Tariq ibn Ziyad, aliacha jina lake kwenye mwamba wa Gibraltar: Jabal Tariq, jabali la Tariq. Wengi wa askari wake walikuwa Waberberi wa Moroko, wala si Waarabu. Hata hivyo lugha ya utawala, ya dini na ya vitabu ilikuwa Kiarabu, na ilibaki kusikika katika nchi hiyo kwa karibu karne nane, mpaka ufalme wa Granada, wa mwisho wa Waislamu, ulipojisalimisha tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka wa 1492.

Kihispania cha leo kimejaa maneno ya enzi hizo. Mara nyingi huhesabiwa karibu 4,000, ukiweka na yale yaliyozaliwa kutokana nayo. Msemaji wa Kiswahili akiyasikia, mengi hayatamshangaza, kwa maana Kiarabu kilikwenda pia njia nyingine, kwa majahazi mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, kisha kwa misafara mpaka Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, karne ya 19. Sukari ni azúcar. Soko ni zoco. Zeituni ni aceituna. Kasri ni alcázar. Mhispania anayeagana na mwenzake jioni anasema hasta mañana, hata kesho, na ile hasta yake na hata yetu zimetoka katika neno moja la Kiarabu. Kadhi amekuwa alcalde, ambaye leo ni meya wa mji. Waziri ndiye aliyepata hasara: huko amekuwa alguacil, na cheo chake kimeshuka mpaka akawa mtumishi wa mahakama anayepeleka barua za wito.

Mengi ya maneno hayo yamekuwa majina ya ukoo. Kuna watu wanaoitwa Alcázar, Alcalde, Alguacil. Kuna Alcalá, kutoka kwa neno la ngome, na Alcántara, kutoka kwa neno la daraja, kwa sababu ya mji mmoja ulio karibu na mpaka wa Ureno wenye daraja la mawe ambalo Waroma walilijenga zamani za mfalme Trajan, na ambalo lingali limesimama. Lakini si kila jina linaloanza na Al au Ben ni la Kiarabu. Alonso limetoka katika lugha za Wajerumani wa kale. Benítez ni la Kilatini, maana yake mtoto wa Benito, yaani Benedikto. Wengi huingia katika mtego huo.

Miji iliyoitwa Mji

Medina ni miongoni mwa majina 50 yanayobebwa na watu wengi zaidi Uhispania, na sababu ni rahisi: miji yenye jina hilo ni mingi.

Kusini, karibu na Cádiz, iko Medina Sidonia. Katikati ya nchi, juu ya kilima kwenye njia ya kwenda Zaragoza, iko Medinaceli, ambayo kwa Kiarabu ilikuwa Madinat Salim, Mji wa Salim, jina ambalo hata Kasongo mtu angeitika akiitwa. Jemadari Almanzor, aliyeutia hofu ufalme wote wa Wakristo, alizikwa huko mwaka wa 1002 baada ya kufa akirudi vitani. Kaskazini ziko Medina de Rioseco, Medina de Pomar, na iliyo maarufu kuliko zote kwa biashara, Medina del Campo.

Medina del Campo ilikuwa na gulio ambalo katika karne ya 15 na ya 16 lilivuta wafanyabiashara kutoka Flanders, Genova na Florence. Sufi ya Kastilia iliuzwa humo, lakini kilichouzwa zaidi ilikuwa ahadi: hati za malipo, ambazo mtu alizitia saini hapo akalipwa fedha zake katika mji mwingine wa Ulaya. Malkia Isabella, yule aliyempa Kristoforo Kolumbo ruhusa ya kusafiri, alifia mjini humo mwezi wa 11 mwaka wa 1504. Miaka 16 baadaye, wakati miji ya Kastilia ilipoasi dhidi ya mfalme Karolo, askari wa mfalme walikuja kuchukua mizinga iliyohifadhiwa hapo ili wakaipige Segovia, mji jirani. Wakaaji wa Medina walikataa kuitoa. Moto uliowashwa siku hiyo ya mwezi wa nane mwaka wa 1520 uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na maghala ya wafanyabiashara.

Hata Madrid ina madina yake iliyojificha. Karibu na jumba la mfalme lipo Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Almudena, ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alilibariki mwaka wa 1993. Almudena, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni al-mudayna, madina ndogo, yaani ngome iliyozungukwa na ukuta ambamo mji wenyewe ulianzia. Wanawake Wakatoliki wa Madrid wanabatizwa kwa jina hilo kila mwaka, na hakuna anayeshtuka kwamba mama wa Yesu anaitwa huko kwa neno la Kiarabu.

Jina la mtu aliyeondoka

Sasa, mji ukiitwa Medina, je, wakaaji wake wote walikuwa Wamedina? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anayeishi Medina haitwi wa Medina, kwa maana wote wanaomzunguka ni wa Medina. Jina hilo halimtofautishi na yeyote. Anaanza kuitwa hivyo siku anapohama. Juan wa Medina ni Juan aliyefika mahali pengine, na majirani wapya wakamuuliza: unatoka wapi?

Nafasi za kuhama hazikukosekana. Wafalme Wakristo walipokuwa wakisonga kusini, wakichukua Toledo mwaka wa 1085, Córdoba mwaka wa 1236 na Sevilla mwaka wa 1248, waliwaita watu kutoka kaskazini waje kukaa katika nyumba na mashamba ya Waislamu walioshindwa. Makarani waliandika nani amepewa nyumba gani na mizeituni mingapi, na kwa kuwa nusu ya wanaume waliitwa Juan, Pedro au Domingo, karani aliongeza mji aliotoka kila mmoja. Wengi wa hao de Medina wa kwanza walikuwa wakulima na askari Wakristo, waliofika kusini wakiwa na jina la Kiarabu walilolichukua kaskazini, huku Mwislamu aliyekuwa akifukuzwa nyumbani mwake aliitwa pengine Muhammad mwana wa Ali, asiye na Medina yoyote.

Wayahudi nao waliitwa kwa miji yao, kwa namna ile ile na kwa sababu ile ile. Walipofukuzwa kwa amri ya mwezi wa tatu mwaka wa 1492 waliondoka na majina hayo. Samuel de Medina alikuwa rabi mkubwa wa Salonika, chini ya Waturuki, katika karne ya 16. Majibu yake kwa maswali ya sheria yanasomwa na marabi mpaka leo. Solomon de Medina alilisha majeshi ya Uingereza mkate, na mwaka wa 1700 mfalme William wa Tatu akampa cheo cha heshima ambacho hakuna Myahudi aliyekuwa amekipewa kabla yake huko. Hawa ni Wamedina Wayahudi, bila shaka yoyote. Lakini kosa la majedwali ya intaneti ni kugeuza mambo juu chini: kwamba Wayahudi fulani waliitwa Medina haina maana kwamba kila Medina ni Myahudi.

Watawala wenyewe wa Medina Sidonia, ambao mfalme aliwapa cheo cha duke mwaka wa 1445, hawakuitwa Medina. Ukoo wao ni Guzmán. Yule duke aliyeongoza merikebu za Uhispania dhidi ya Uingereza mwaka wa 1588 na kurudi ameshindwa aliitwa Alonso Pérez de Guzmán. Mji ulikuwa wake, jina lake lilikuwa lingine.

Wakati jina lilipokuwa hatari

Kuuliza damu ya mtu katika nchi hiyo halikuwa swali la mazungumzo. Mwaka wa 1449 wakubwa wa Toledo walipitisha amri ya kuwanyima kazi za mji wote waliotoka kwa Wayahudi, hata kama wazazi wao walikuwa wamebatizwa. Baadaye vyama vya kidini, vyuo na vyeo vya jeshi vikaiga. Aliyetaka kuingia alipaswa kuleta ushahidi wa usafi wa damu: mashahidi walihojiwa juu ya baba yake, mama yake, babu na bibi wa pande zote mbili. Wachunguzi hao walijua jambo ambalo watu wa majedwali wamelisahau, kwamba jina peke yake halitoshi. Myahudi aliyebatizwa mara nyingi alichukua jina la mfadhili wake Mkristo, na jina hilo lilikuwa safi kama la jirani yeyote.

Waislamu wa Granada walipolazimishwa kubatizwa, kuanzia mwaka wa 1499, ilikuwa vivyo hivyo. Waliingia kanisani na majina yao ya Kiarabu, wakatoka na majina ya wasimamizi wao wa ubatizo. Nyumbani waliendelea kuitana kwa majina ya zamani. Waliitwa Wamorisko. Mwaka wa 1567 serikali ya mfalme Felipe wa Pili ikatangaza kwamba hata hayo ya nyumbani yaishe: marufuku kusema Kiarabu, marufuku kuvaa nguo za kwao, marufuku majina ya Kiarabu.

Mzee mmoja Mmorisko wa ukoo mkubwa, Francisco Núñez Muley, alipeleka barua ndefu kwa mkuu wa mahakama ya Granada akipinga amri hiyo. Hoja yake kuhusu majina haikuwa ya dini. Aliuliza watu watajuana vipi, watafanya vipi biashara na kuoana, kama majina yanayoonyesha ukoo yatafutwa yote. Kwa maoni yake, jina likipotea, ukoo nao unapotea. Wazee wa Congo wanaokumbuka mwaka wa 1972, Mobutu alipoagiza majina ya Kikristo yaachwe na watu wote wachukue ya mababu, wanajua serikali inaweza kufika mpaka huko, ingawa safari hiyo amri ilielekea upande mwingine.

Barua ya Muley haikusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka wa 1568 milima ya Alpujarras ikaasi. Kiongozi waliyemchagua alikuwa kijana wa Granada aliyebatizwa kwa jina la Fernando de Válor. Siku alipowekwa kuwa mfalme wao alilivua jina hilo akaitwa Aben Humeya, akijiunga kwa jina hilo na wale makhalifa Waumawi waliotawala Córdoba miaka 600 kabla yake. Vita vilidumu zaidi ya miaka miwili, na Wamorisko wa Granada wakatawanywa Kastilia yote. Kati ya mwaka wa 1609 na 1614 watu karibu 300,000 walipakiwa merikebuni na kufukuzwa, wengi wakiwa wamebatizwa kwa vizazi vitatu, wengi wakiwa na majina ya Kihispania yasiyo na hata herufi moja ya Kiarabu. Wakati huo huo Wamedina Wakristo, wenye jina la Kiarabu tupu, walibaki nyumbani bila kuguswa.

Kuvuka bahari

Merikebu za kwenda Amerika zililibeba jina hilo mapema. Mfanyabiashara wa Sevilla, Bartolomé de Medina, alifika Pachuca, Meksiko, na kufikia mwaka wa 1555 alikuwa amefaulu kutoa fedha katika mawe maskini kwa kuyasaga na kuyachanganya na zebaki na chumvi uwanjani, bila kuhitaji kuni nyingi za tanuru. Njia yake ilitumiwa kwa zaidi ya miaka 300. Ilitajirisha Uhispania, na sumu yake ilibaki kwa wachimbaji Wahindi na katika mito yao. Mwingine, Pedro de Medina, aliandika mwaka wa 1545 kitabu cha kufundisha manahodha kusafiri kwa nyota na dira, kikatafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya. Siku zetu, Danilo Medina aliongoza Jamhuri ya Dominika kuanzia mwaka wa 2012 mpaka 2020.

Lakini wengi wa Wamedina wa Amerika hawakuvuka bahari. Mapadri waliwabatiza wenyeji na watumwa kwa maelfu, na karani aliandika jina lililokuwa karibu: la bwana wa shamba, la msimamizi, la padri mwenyewe, la mtakatifu wa siku hiyo. Mtu wa Peru au wa Venezuela anayeitwa Medina anaweza kuwa na babu kutoka Kastilia. Anaweza pia kuwa mjukuu wa mtu ambaye Kastilia ilimnunua.

Jina lingine la huko linawagusa Wakongomani zaidi. Katika vitabu vya enzi za utumwa, Mwafrika aliyetoka pwani ya magharibi, upande wa mdomo wa mto Congo, aliandikwa mara nyingi Juan Congo, María Congo. Kwa familia kadhaa neno hilo liligeuka jina la ukoo na lingalipo, hasa katika bonde la Chota huko Ekwado na kwa Wakolombia weusi. Mchezaji Edwin Congo, Mkolombia, alisajiliwa na Real Madrid mwaka wa 1999. Kuna wengine wanaoitwa Mina, kwa sababu ya pwani ya Elmina, Ghana ya leo. Majina hayo nayo yanataka kusomwa kwa uangalifu. Yanataja bandari ambako mtu alipakiwa, au alipodhaniwa kuwa alipakiwa. Kabila lake, lugha yake, kijiji chake, karani hakuviuliza.

Huko Ufilipino mambo yalikwenda kiserikali zaidi. Mwaka wa 1849 gavana Narciso Clavería aliona kwamba makarani wa kodi wanachanganyikiwa, kwa maana watu wengi mno walijiita de la Cruz na de los Santos. Akaagiza lichapishwe kitabu cha majina karibu 60,000, yaliyopangwa kwa herufi, na kurasa zake zikagawanywa mikoani. Kila mkuu wa familia akachagua, au akachaguliwa. Kuna miji ambamo familia karibu zote zilipata majina yanayoanza na herufi moja, kwa sababu ukurasa uliofika ulikuwa huo. Mfilipino mwenye jina la Kihispania, hata lile lenye mzizi wa Kiarabu, mara nyingi hana tone la damu ya Mhispania wala ya Mwarabu.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Katika Maniema na kandokando ya ziwa Tanganyika, Ramazani, Salumu, Amisi na Asumani ni majina ya watu waliokaa kwenye safu za mbele msikitini, na pia ya watu wanaoimba kwaya Jumapili. Jina liliingia kwa babu, au kwa rafiki wa babu, au kwa siku mtoto alipozaliwa.

Damu ilipopimwa

Mwaka wa 2008 kundi la wanasayansi lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wanaume wa Uhispania na Ureno katika jarida la American Journal of Human Genetics. Walichunguza kromosomu Y, ile ambayo mwanamume huipata kwa baba yake tu, kama jina la ukoo. Walikadiria kwamba karibu 20% ya mistari hiyo ya kiume ilifanana na ya Wayahudi waliotoka Uhispania, na karibu 10% na ya Afrika ya Kaskazini. Wataalamu wengine walisema hesabu ya Wayahudi huenda imezidi, kwa kuwa mistari ya aina hiyo ingeweza kuletwa pia na Wafoinike na watu wengine wa zamani wa bahari ya Mediterania.

La kushangaza zaidi lilikuwa ramani. Alama za Afrika ya Kaskazini zilikuwa nyingi kaskazini-magharibi, upande wa Galisia, ambako Waislamu hawakukaa sana. Mashariki mwa Andalusia, upande wa Granada, ambako Kiarabu kilisemwa mpaka mwisho na ambako kila mto na kila kilima una jina la Kiarabu, zilikuwa chache. Wamorisko walikuwa wametawanywa kisha kufukuzwa. Watu waliondoka, majina ya mahali yakabaki, na wageni waliokuja kukaa wakayachukua.

Sheria ya mwaka wa 2015, kwa haki yake, haikuandikwa na watu wasiojua hayo. Jina la ukoo lilikubaliwa kuwa dalili moja tu, iliyopimwa pamoja na nyingine: cheti cha jumuiya ya Wayahudi, hati za ndoa, uchunguzi wa nasaba. Mwombaji alipaswa pia kufaulu mtihani wa utamaduni wa Uhispania na, kama si msemaji wa lugha hiyo, mtihani wa Kihispania. Hata hivyo waliotegemea jina walikuwa wengi. Kuanzia mwaka wa 2021, serikali ilipoanza kukagua vyeti kwa ukali zaidi, maelfu walipokea barua ya kukataliwa, baada ya kulipa wanasheria, wachunguzi wa nasaba na tiketi za ndege.

Wazao wa Wamorisko hawakuhusika na sheria hiyo, ingawa mababu zao walifukuzwa na wafalme wa nchi hiyo hiyo, karne moja tu baadaye, na ingawa vyama vyao vimelalamika juu ya tofauti hiyo. Wengi wanaishi Moroko, Algeria na Tunisia. Wako wanaojulikana kwa majina yao, kwa sababu baadhi ya familia ziliyahifadhi yale ya Kihispania walivyoondoka nayo. Huko Tetuán, kaskazini mwa Moroko, ukoo mmoja wa Waislamu wenye heshima unaitwa Torres, neno la Kihispania lenye maana ya minara. Mtoto wao Abdelkhalek Torres, aliyezaliwa mwaka wa 1910, ndiye aliyeongoza siasa za kudai uhuru katika sehemu ya Moroko iliyokuwa chini ya Wahispania. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1956, nchi yake ilimtuma Madrid kuwa balozi.